Walimlipa Pauni 10, Leo Uso Wake Uko Kwenye Noti ya Pauni 10

Kama una binamu ama shangazi Uingereza, mwambie akutumie picha ya noti ya pauni 10. Aigeuze upande wa nyuma. Utaona mwanamke amevaa kofia ya kizamani, anakutazama ni kama anajua kitu hutaki kusema. Huyo ni Jane Austen, mwandishi wa Pride and Prejudice. Noti hiyo ilianza kutumika Septemba 2017, miaka 200 baada ya kifo chake.

Sasa sikia hii. Pesa ya kwanza Jane Austen kulipwa kwa kitabu ilikuwa pauni 10. Na kitabu chenyewe mchapishaji alikifungia kabatini.

Kwa nini nimeanza kusoma hesabu za mtu aliyekufa 1817? Kwa sababu wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu. Kuna watu wameona hadithi zangu fupi, zile 12, na wanataka kuzinunua. Shilingi elfu 40, mara moja, kisha zinakuwa zao milele. Upande ule mwingine kuna jamaa wa kuchapa pale mjini amenipa bei: nakala 200, shilingi 250 kila moja, jumla elfu 50, na anataka elfu 30 kabla mashine haijawashwa. Nikiuza kila nakala kwa 500 na zote ziishe, nabaki na elfu 50 mkononi. Nikiuza 60 pekee, nina hasara ya elfu 20 na maboksi chini ya kitanda.

Mtandaoni kila mtu ana jibu. "Usiuze kazi yako kamwe!" Sawa. Lakini wanaosema hivyo wengi wao rent wamelipiwa. Nikaona nitafute mtu aliyepitia hii kitu kabla yangu, na ambaye hesabu zake zimebaki. Jane zake zimebaki, kwa sababu alikuwa anaziandika kwenye barua na kwenye karatasi zake mwenyewe.

Tuanze 1797. Jane ana miaka 21, na amemaliza riwaya aliyoiita First Impressions. Babake, kasisi wa kijijini, anamwandikia mchapishaji mkubwa wa London, Thomas Cadell. Anauliza maswali mawili ya maana sana: kuchapa kwa gharama ya mwandishi kutakuwa pesa ngapi? Na wao wakiipenda, wako tayari kutoa kiasi gani kuinunua? Jibu lilirudi haraka: hapana. Hata kuisoma hawakuisoma. Riwaya hiyo, baada ya kuandikwa upya, ndiyo tunaiita Pride and Prejudice.

1803, jaribio la pili. Riwaya nyingine, Susan, inauzwa kwa Crosby wa London kwa pauni 10, hakimiliki yote. Crosby anaitangaza kwamba iko njiani. Miaka sita inapita. Hakuna kitabu.

Aprili 1809 Jane anachoka. Anaandika barua kwa jina la bandia, Mrs Ashton Dennis. Anasema kama mswada umepotea yuko na nakala nyingine, na kama hawana mpango nao ataupeleka kwingine. Halafu anamalizia kwa herufi za kwanza za hilo jina: M.A.D. Mtu wa mad, yaani amekasirika. Msichana alikuwa na mdomo.

Jibu la Crosby ndilo linafaa kubandikwa ukutani na kila msanii Kenya. Kwa ufupi alisema: ndiyo, tulinunua. Lakini hatukukubaliana tarehe ya kuchapa, na hakuna kitu kinatulazimisha kuchapa. Ukijaribu kuichapa kwingine tutakuzuia. Unaitaka? Leta pauni 10 zetu.

Na alikuwa sahihi! Hakuna mahali mkataba ulisema "mtachapa kabla ya mwaka fulani." Jane hakuibiwa. Aliuza kitu bila kuweka tarehe, na aliyenunua akakaa juu yake. Pauni 10 hakuwa nazo za kutupa wakati huo. Babake alikuwa amefariki 1805, na Jane, mamake na dadake Cassandra walikuwa wakiishi kwa karibu pauni 450 kwa mwaka wote watatu, zaidi ya nusu ikitoka kwa mifuko ya kaka zao. Unajua vile inakuwa ukiishi kwa pesa ya kutumiwa. Kila matumizi unaomba kwanza.

Hapo ndipo anabadilisha mbinu.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu biashara ya vitabu ya wakati huo. Kulikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuuza hakimiliki: unachukua pesa yako, unaenda nyumbani, kitabu kikiuza ama kikikosa si shida yako tena. Ya pili iliitwa kuchapa kwa kamisheni. Hapa gharama zote ni za mwandishi: karatasi, kupanga herufi, kuchapa, matangazo. Mchapishaji anasimamia kazi na kusambaza, na anakata asilimia 10 ya mauzo. Mara nyingi yeye ndiye anatanguliza pesa ya kazi, kisha anajirudishia kutoka kwa mauzo. Faida inayobaki ni ya mwandishi, na hakimiliki inabaki kwake. Lakini kitabu kikidoda, pengo lote analifunika mwandishi.

Na gharama haikuwa mchezo. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara, ikatozwa ushuru, na ilikuwa moja ya gharama kubwa zaidi kwenye kazi nzima. Herufi zilikuwa vipande vya chuma vilivyopangwa kwa mkono, moja moja. Wakimaliza kuchapa kurasa kadhaa walizibomoa ili herufi zitumike kwa kurasa zinazofuata. Maana yake toleo la pili lilianza tena kutoka sufuri. Ndio maana waliogopa kuchapa nyingi, na pia waliogopa kuchapa chache.

1811 Jane anachukua njia ya kamisheni. Mchapishaji ni Thomas Egerton, kitabu ni Sense and Sensibility. Kakake Henry, aliyekuwa na benki London, ndiye mjumbe wake. Henry alisimulia baadaye kwamba Jane alikuwa na uhakika kitabu kitaleta hasara, hadi akaweka kando kiasi kutoka kwa pesa yake kidogo ili kulipia pengo hilo. Soma tena hapo. Hakusema "nitaamini ndoto yangu." Alihesabu atapoteza ngapi, akaitenga, ndipo akaingia.

Kitabu kilitoka mwisho wa Oktoba 1811, juzuu tatu, shilingi 15. (Shilingi 20 zilikuwa pauni moja. Waulize wazee wako: hata serikali ya Kenya ilisoma bajeti kwa pauni ya shilingi 20 miaka mingi baada ya uhuru.) Jina la mwandishi halikuwekwa, waliandika tu kwamba ni kazi ya mwanamke. Kufikia Julai 1813 nakala zote zilikuwa zimeisha. Faida: pauni 140. Na hakimiliki bado yake.

Ukiishia hapo stori ni tamu. "Ona sasa, aliamini, akashinda." Lakini ngoja.

Novemba 1812, kabla nakala za kitabu cha kwanza kuisha, Egerton anataka cha pili: Pride and Prejudice. Jane anaomba pauni 150 kwa hakimiliki. Egerton anasema 110. Jane anakubali. Kwenye barua kwa rafiki yake alikiri kwamba angependa zaidi zile 150, lakini hawangeweza wote wawili kufurahi, na kwamba kuuza kungempunguzia Henry usumbufu mwingi.

Wueh. Kitabu maarufu kuliko vyote alivyowahi kuandika, pauni 110. Egerton akakiuza shilingi 18, akatoa toleo la pili mwaka huo huo wa 1813, na la tatu 1817. Jane hakuona hata senti moja ya ziada.

Rahisi kumcheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni, kisha nikaangalia tarehe. Siku anaweka sahihi alikuwa hajajua kwamba Sense and Sensibility ingemletea 140. Bado nakala zilikuwa dukani. Alikuwa na hofu ya hasara kwa kitabu cha kwanza, na hapa kuna mtu ana pesa taslimu mkononi kwa kile cha pili. Ukiwa wewe ungefanya nini? Sisi tunajua mwisho wa sinema. Yeye alikuwa ndani yake. Pia si haki kusema Egerton alikuwa mwizi. Alibeba hatari, na hatari ikamlipa. Kitabu kingedoda angeumia peke yake, na Jane angebaki na 110 zake.

Ila Jane alijifunza. Mansfield Park ya 1814 alirudi kwa kamisheni, na toleo la kwanza likaisha kwa miezi kama sita. Wasomi wanakadiria faida yake ilipita pauni 300. Kumbuka kitabu hicho wengi wanaona hakifikii Pride and Prejudice kwa utamu. Kazi inayopendwa kidogo, kwa mkataba mzuri, ilimlipa karibu mara tatu ya kazi bora kwa mkataba wa kuuza.

Egerton alikataa kutoa toleo la pili la Mansfield Park, Jane akahama. Akaenda kwa John Murray, mchapishaji wa Byron, jina kubwa kabisa London. Oktoba 1815 Murray anatoa ofa: pauni 450 kwa hakimiliki za vitabu vitatu, Emma mpya pamoja na Mansfield Park na Sense and Sensibility. Jane alimwambia Cassandra kwamba Murray ni mjanja, lakini mjanja mwenye adabu. Henry, akiwa mgonjwa kitandani, alisema maneno ya jibu yaandikwe: pauni 450 zako hazifikii hata faida tuliyokwisha kupata kwa toleo moja dogo la Mansfield Park na dogo zaidi la Sense and Sensibility. Unaona faida ya kuweka rekodi? Hakujibu kwa hasira, alijibu kwa hesabu.

Henry akazidiwa. Jane akashika usukani mwenyewe. Alimwandikia Murray aje nyumbani waongee, kwa sababu mazungumzo ya dakika chache yangemaliza kile barua nyingi zinashindwa. Mwanamke wa 1815, hajaolewa, anaita mchapishaji mkubwa kwa kikao. Kisheria angalau hilo aliweza: sheria ya wakati huo ilimruhusu mwanamke asiye na mume kufanya mkataba wake. Aliyeolewa, mali na mikataba ilikuwa mikononi mwa mumewe.

Wakakubaliana kamisheni. Kisha ikaja shida ambayo kila mtu aliyewahi kuchapa kitu anaijua: wachapaji wakachelewa. Karatasi za kusahihisha haziji. Jane analalamika kwa Murray, na hapo anacheza karata. Mwanamfalme aliyekuwa anatawala kwa niaba ya babake alikuwa shabiki wa vitabu vyake, na maktaba yake ilikuwa imedokeza kwamba Jane anaweza kumtunukia kitabu. Huyo mwanamfalme Jane hakumpenda hata kidogo. Lakini alimuuliza Murray: hivi wachapaji wakijua kitabu kinatunukiwa mwanamfalme, hawawezi kuharakisha kidogo? Maelezo aliyopewa ni kwamba walikuwa wanangoja karatasi, na kosa ni la muuza karatasi. Miaka 200 imepita na kisingizio ni kile kile. Jamaa wangu wa mjini atasema stima ilipotea, lakini wimbo ni mmoja.

Emma ilitoka Desemba 1815, nakala 2,000, shilingi 21. Murray pia akachapa toleo la pili la Mansfield Park, nakala 750. Kufikia Oktoba 1816 Emma ilikuwa imeuza nakala 1,248 na kuleta faida ya pauni 221. Safi, si ndiyo?

Hapana. Toleo la pili la Mansfield Park lilikuwa limedoda, hasara ya pauni 182. Na kwa kuwa vitabu vyote viwili vilikuwa kwenye hesabu moja, kwa mchapishaji mmoja, kwa gharama ya mwandishi, hasara ya kimoja ikakatwa kwa faida ya kingine. Jane akapata pauni 38 na chenji kidogo. Pauni 38 kwa Emma! Angekubali zile 450 za Murray angekuwa na pesa yote mkononi. Hapa aliyesema "usiuze kamwe" anyamaze kidogo.

Na mwaka huo ulikuwa mbaya tayari. Machi 1816 benki ya Henry ilianguka, na kaka zake wengine wakapoteza pesa nyingi. Jane alipoteza kidogo tu, pauni 13 hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya faida ya vitabu, pauni 600, alikuwa ameiweka kwenye hati za serikali za jeshi la majini, asilimia 5 kwa mwaka. Kama vile watu hapa wananunua bondi za serikali. Pauni 30 kwa mwaka, zake mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Kuna ushindi mmoja ninaupenda kuliko yote. 1816 hiyo hiyo, Henry alienda kwa Crosby na pauni 10, akarudisha ile Susan. Familia inasimulia kwamba alingoja hadi kila kitu kimekamilika, ndipo akamwambia Crosby: kitabu ulichoniuzia sasa hivi kwa pauni 10 kimeandikwa na mwandishi wa Pride and Prejudice. Crosby alikuwa amekalia mgodi miaka 13 bila kujua.

Jane hakukiona kikichapwa. Alifariki Julai 18, 1817, akiwa na miaka 41. Desemba ya mwaka huo kilitoka kwa jina Northanger Abbey, pamoja na Persuasion, kwa kamisheni, na familia ikapata zaidi ya pauni 500. Maisha yake yote alipata kitu kama pauni 600 na kidogo kwa vitabu ambavyo hadi leo bado vinauzwa. Mwaka 1832 mchapishaji Bentley alinunua hakimiliki za vitabu vitano kutoka kwa Cassandra na Henry kwa pauni 210. Cha sita, Pride and Prejudice, ilibidi akawalipe warithi wa Egerton pauni 40. Hata miaka 15 baada ya kufa, bado hakikuwa cha kwao.

Basi nimejifunza nini? Si "uza" wala si "usiuze". Jane alifanya zote mbili, na zote mbili zilimuuma na kumsaidia kwa wakati wake. Swali lake, kila mara, lilikuwa: hatari iko kwa nani, na mimi naweza kubeba ngapi nisianguke? 1811 alitenga pesa ya hasara kwanza. 1812 hakutaka kubeba tena, akauza, akalipia usalama huo kwa bei kubwa. 1815 alibeba tena, na mara hii ukamlemea. Ukiuza kazi unauza hatari pamoja na bahati. Huwezi kuuza moja na kubaki na nyingine, ila mkataba uandikwe hivyo.

Na tusiseme hii ni mambo ya wazungu. Hapa Nairobi, miaka ya 1970, David Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akajichapia vitabu vidogo ambavyo wasomi walivitukana na watu wa kawaida wakavinunua kama mandazi ya asubuhi. Yeye pia alibeba hatari yake, na 1976 Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake. Soko zima likafungwa kwa uamuzi wa serikali. Ukibeba mzigo, unabeba na mvua.

Sasa mimi. Elfu 30 za kutanguliza sina zote. Nina elfu 18, na ukweli ni kwamba zikipotea nitaumia lakini nitakula. Kwa hivyo nimemwuliza jamaa wa kuchapa bei ya nakala 70 badala ya 200. Ataniongezea bei kwa kila nakala, na nitapata faida ndogo sana, lakini maboksi yatakuwa machache.

Na wale wa elfu 40 sijawakataa. Nimewarudishia maswali matatu kwa maandishi. Moja, mtachapa kabla ya tarehe gani, na msipochapa hadithi zinarudi kwangu bure? Mbili, mnaweza kuchukua miaka mitano badala ya milele? Tatu, nikiwapa kazi nyingine baadaye, kila moja itakuwa na hesabu yake, ama hasara ya moja italiwa na nyingine?

Siku nne sasa hawajajibu. Huenda hawatajibu. Mamangu anasema nimejifanya mjuaji na nimefukuza elfu 40 mlangoni. Labda ni kweli. Lakini Jane alingoja jibu la Crosby miaka sita bila tarehe yoyote kwenye karatasi. Mimi nimejipa hadi mwisho wa mwezi.